Bahasha Sitini na Tatu

Nilianza kuhesabu bahasha kwa sababu ya nauli. Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, Mbagala Rangi Tatu, na mara mbili kwa wiki alinipa elfu mbili kutoka kwenye hela ya vitumbua ili niende mjini kutafuta kazi. Jioni moja akaniuliza, wala si kwa ubaya: "Mwanangu, hizi elfu mbili mbili zinafika wapi?" Nikakosa jibu. Kesho yake nikanunua kauntabuku, nikachora mistari: tarehe, ofisi, nafasi niliyoomba, nani kapokea, nauli, fotokopi. Ilikuwa Oktoba 2013. Nilikuwa nimemaliza shahada ya ununuzi na ugavi miezi mitatu nyuma, na bado niliamini kwamba kazi inatafutwa kwa miguu.

Miguu niliitumia kweli. Posta, Samora, Upanga, narudi Kariakoo kwa mguu ili nibakize nauli ya keshokutwa. Mkononi bahasha ya kaki, ndani yake barua ya maombi, wasifu wa kurasa nne na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri na wakili. Nikifika getini mlinzi anaipokea, anaipachika juu ya nyingine zilizolala pale dirishani, anasema, "Tutakupigia." Mlinzi huyo! Naye kibarua chake kimeshikiliwa na uzi, lakini nilikuwa namshukuru kana kwamba kaniajiri.

Juni 2014 nikaenda Uwanja wa Taifa. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, tuliofika kwenye usaili tulikuwa zaidi ya elfu kumi. Huenda uliziona picha zake, maana zilizagaa sana wakati ule. Jirani yangu jukwaani alikuwa ametoka Kigoma kwa basi, na tulipotoka nje aliniomba nimwelekeze pa kulala kwa bei nafuu. Nilirudi Mbagala nikiwa nimesimama kwenye daladala, nikafungua kauntabuku, nikajumlisha kila kitu kwa mara ya kwanza.

Bahasha 63. Gharama, ukiweka nauli, karatasi na mihuri, laki tatu na elfu ishirini. Simu nilizopigiwa: mbili.

Nikazitazama zile mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye kampuni ambayo binti tuliyesoma naye alikuwa mapokezi, ndiye aliyeichomoa barua yangu kwenye rundo. Ya pili ilitoka pale nilipofanyia mafunzo ya vitendo nikiwa mwaka wa pili. Zile 61 nyingine, zote za kuacha getini, hazikuleta hata ujumbe wa "samahani".

Mtaani tunasema kazi ni koneksheni, na tunasema kwa uchungu, kama vile koneksheni ni mjomba waziri. Mimi sina mjomba waziri. Baba yangu analima mahindi na maharage Korogwe. Lakini daftari liliniambia jambo jingine. Watu wawili walionisaidia hawakuwa wakubwa wala hawakuomba kitu. Mmoja alijua kwamba kazi za vikundi chuoni nilikuwa namaliza mimi, mwingine aliniona nikihesabu vipuri stoo wiki nane bila kuchelewa. Waliniona nikifanya kazi, basi. Kwa hiyo badala ya kununua bahasha ya 64, nikaandika orodha ya watu waliowahi kuniona nikifanya kazi yoyote ile: wasimamizi wa mafunzo, mwalimu aliyesimamia andiko langu la mwisho, mama wa kikoba ambaye nilimwekea hesabu zake, hata mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako nilisaidia likizo mbili. Walifika 17. Nikawapigia mmoja mmoja. Sikuwaambia "nitafutie kazi", maana sentensi hiyo humfanya mtu akukwepe hadi msibani. Niliwaambia, "Natafuta nafasi ya stoo au ununuzi, hata ya kibarua, ukisikia nikumbuke." Sentensi fupi, inayobebeka, mtu anaweza kuirudia kwa mwenzake bila kujifikiria.

Kabla sijafika kwenye matokeo, niseme mawili ya aibu.

La kwanza ni elfu arobaini na tano. Niliingiza namba yangu kwenye tangazo moja la kazi, ukaja ujumbe: umechaguliwa, tuma 45,000 ya vipimo vya afya, kazi inaanza Jumatatu. Nilituma. Fedha ya mama mdogo. Namba ikazimwa siku hiyo hiyo saa kumi. Nimeliweka hapa kwa sababu waliosoma hawapendi kukiri. Tunadhani wanaoibiwa hivyo ni washamba. Mwajiri anayekuhitaji atakulipa, hakudai hela ya fomu, ya vipimo wala ya sare kabla hujamwona uso.

La pili ni meneja aliyeniita kwenye usaili saa moja usiku, mahali pa kulala wageni, Sinza. Nilifika hadi mlangoni, nikaona hakuna msailiwa mwingine, nikageuza. Akanitumia ujumbe kwamba nimejifungia riziki mwenyewe. Sikujua kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na kwamba simu ya TAKUKURU ni 113, bure. Nilifuta ule ujumbe kwa hasira. Leo ningeutunza, maana ndio ushahidi wenyewe.

Katika wale 17, aliyepiga simu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kuna godauni la marumaru Barabara ya Nyerere, wanataka mtu wa kuhesabu mizigo, deiwaka, elfu nane kwa siku. Nilikaa nayo siku nzima. Shahada, nikasimame juani na utingo kwa elfu nane? Mama mdogo alikuwa anakoroga unga wa vitumbua, hakuinua hata kichwa: "Shahada yako imelala kabatini, haili wala haisikii njaa. Wewe je?"

Nikaenda. Agosti 2014.

Pale godauni palikuwa na mzee tuliyemwita Mzee Leja, kwa kuwa leja yake hakuna aliyeigusa. Kidato cha nne alikiishia miaka ya sabini, ila alikuwa anaweza kukuambia mzigo wa rangi ya krimu umebaki maboksi mangapi bila kufungua kitabu. Siku ya tatu nilimsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia na kuniuliza chuo kilinifundisha nini. Nikamwaga: usimamizi wa mnyororo wa ugavi, nini, nini. Akasubiri nimalize. "Haya. Kontena la jana limevunjika mangapi?" Sikujua. Hakuna aliyejua. Marumaru zilizovunjika zilirundikwa nyuma, zikiwa nyingi zinauzwa kwa mafundi wa kokoto za sakafu, mwisho.

Nikaanza kuziandika kwenye kauntabuku lile lile la bahasha, nikaligeuza nianzie nyuma. Kila kontena: saa ya kupakua, vijana wangapi, maboksi yamepangwaje, yamevunjika mangapi. Hakuna aliyenituma. Baada ya makontena tisa, wastani ulikuwa maboksi 41. Na mambo mawili yalijionyesha yenyewe. Makontena yaliyopakuliwa jioni, vijana wakikimbilia magari, yalivunjika karibu mara mbili. Na maboksi yaliyolazwa chali yalivunjika kuliko yaliyosimamishwa kwa ubavu, kwa sababu marumaru ikilala, uzito wote wa juu unaikandamiza katikati. Mzee Leja alilijua la ubavu siku nyingi. Alisema alishalisema, hakuna aliyemsikiliza. Safari hii tulikuwa na karatasi. Tukamwonyesha msimamizi, akakubali tusimamishe maboksi na tusianze kontena baada ya saa tisa. Miezi mitano mbele, wastani ukashuka hadi 12.

Februari 2015 nikaajiriwa, mtunza stoo msaidizi, laki tatu na nusu. Walioniajiri hawakuuliza GPA yangu hata siku moja.

Ndipo nikaurudia wasifu wangu wa kurasa nne, nikacheka peke yangu. Ulikuwa na jina la kijiji, dhehebu, hali ya ndoa, hobi (kusoma na kusafiri, na mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Chalinze ila kwenda chuo na kurudi nyumbani), na ile sentensi ambayo kila mtu anayo: mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nikayafuta hayo yote. Ukabaki kurasa mbili, na juu kabisa mstari mmoja: nilipunguza marumaru zinazovunjika kutoka wastani wa maboksi 41 kwa kontena hadi 12 ndani ya miezi mitano. Mstari huo umenifanyia kazi kuliko cheti changu. Ukiniambia wewe huna namba za namna hiyo kwa kuwa hujawahi kuajiriwa, nitakuuliza umewahi kuuza nini, kulea nini, kupanga nini. Mweka hazina wa kwaya ana namba.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ningependa niambiwe na mtu mapema.

Sikuwa na mkataba wa maandishi mwaka mzima. Nilijua napaswa kuwa nao, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, lakini ukishasota mtaani mwaka, unaona kuuliza mkataba ni kujitafutia balaa. Mzee Leja ndiye aliyekuwa akinisukuma: "Kila unachosaini, toka na nakala yake. Wakikataa nakala, andika tarehe na aliyekataa." Nikawa natunza hati za mshahara, taarifa za benki, barua ya likizo iliyokataliwa. Siku 28 za likizo kwa mwaka ni haki, mimi nilikuwa nimepewa sita.

Agosti 2016 nikaenda ofisi ya NSSF kwa jambo jingine kabisa, nikaomba taarifa ya michango yangu kwa udadisi tu. Miezi 18 nilikuwa nakatwa asilimia 10 kila mwezi, hati za mshahara zinaonyesha. Kule NSSF ilikuwa imefika miezi mitano. Nilisoma ile karatasi mara tatu nikidhani ni ya mtu mwingine.

Nikauliza uhasibu kwa upole. Wakasema italetwa. Oktoba nikauliza tena, kwa barua. Novemba, usiku, msimamizi akapiga simu: "Kesho usije, kazi zimepungua." Sekunde ishirini, baada ya miaka miwili na ushee.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu mama mdogo akaleta lile kauntabuku mezani, pamoja na faili langu la plastiki. "Wewe si unapenda kuandika? Basi nenda ukasomewe ulichoandika." Ukiachishwa kazi unavyodhani si halali, una siku 30 tu za kufikisha shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Wengi ninaowajua walipoteza haki zao kwa kuzunguka kwenye vikao vya familia na kumpigia bosi magoti hadi siku zikaisha. Mimi nilifika siku ya 26, na wakili sikuwa naye. Fomu nilijaza pale pale. Januari tukakaa mbele ya msuluhishi. Upande wa pili walisema nilikuwa kibarua. Nikatoa taarifa za benki, hati za mshahara, na kurasa za daftari zenye tarehe na saini za madereva. Hatukufika hata kwenye uamuzi, tulimalizana kwenye usuluhishi: malipo ya siku 28 za notisi, likizo nilizonyimwa, kiinua mgongo cha mwaka uliotimia, na cheti cha utumishi. Cheti hicho usikidharau, ndicho kinachomwonyesha mwajiri anayefuata ulifanya kazi wapi, tangu lini hadi lini. Michango ya NSSF ilifuatwa na NSSF wenyewe, ilichukua miezi, ila ikaingia.

Sikushinda kwa kuwa jasiri. Kwenye ule mkutano nilikuwa natetemeka mpaka karatasi zinapiga kelele.

Aprili 2017 nikaitwa usaili, kampuni nyingine. Usaili wangu wa kwanza maishani, ule wa 2014, niliulizwa udhaifu wangu ni nini nikajibu kwamba nafanya kazi kupita kiasi, wale wazee watatu wakatazamana wakacheka kwa adabu. Safari hii swali lilikuwa hivi: mzigo umeingia, hati inasema maboksi 920, wewe umehesabu 900, dereva ana haraka, anataka usaini. Unafanyaje? Nikawajibu kama nilivyokuwa nafanya. Nahesabu mara ya pili dereva akiwa amesimama hapo hapo. Ikibaki 900, naandika upungufu kwenye nakala zote za hati ya mzigo, anasaini, nasaini, napiga simu kwa muuzaji kabla lori halijatoka getini, kwa sababu likishatoka, yale 20 ni yangu. Mmoja akaandika kitu. Nilijua nimepita.

Halafu wakauliza mshahara. Zamani ningesema "wowote mtakaonipa", jibu ambalo mwajiri hulisikia kama punguzo. Nikasema laki tisa, wakakubali haraka mno, nikarudi nyumbani natembea juu ya mawingu, hadi mwisho wa mwezi. Laki tisa ile ilitoka NSSF elfu tisini, kodi ya mapato 125,100, na Bodi ya Mikopo, ambayo mwaka huo huo makato yake yalikuwa yamepanda kutoka asilimia 8 hadi 15, ikachukua 135,000. Benki ikaingia 549,900. Nilikuwa nimepanga chumba Tabata kwa hesabu ya laki tisa! Tangu hapo nikiulizwa, nauliza kwanza: mnazungumzia kabla ya makato au ya mkononi? Kisha nataja ya mkononi, na nauliza bima ya afya na nauli ni juu ya nani.

Serikalini nako nilijaribu, kwa hiyo niseme kidogo. Kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, wengi tunaanguka kabla hata ya mtihani wa mchujo, kwa makaratasi. Matangazo yao yanasema wazi kwamba hati za matokeo za muda hazipokelewi, wanataka cheti chenyewe. Jina la babu yangu kwenye cheti cha kidato cha nne lilipishana na la kitambulisho cha NIDA kwa herufi moja, nikalazimika kwenda kwa wakili kuapa kwamba watu wawili hao ni mimi. Fanya jambo hilo leo, usingoje tangazo lenye siku tatu zilizobaki. Mchujo nilifika mara mbili, sikupata, nikaacha. Badala yake nguvu zangu nikazipeleka kwenye mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, usiku, miaka mitatu, na sijutii hata karatasi niliyorudia.

Mzee Leja alistaafu 2018. Tunasalimiana kila Idi. Bado ananiuliza yamevunjika mangapi.

Mwezi huu nimekuwa upande wa pili wa meza. Tunatafuta mtunza stoo, nafasi moja, na nimeletewa maombi 140. Nimeyasoma yote, kwa sababu nakumbuka dirisha la mlinzi. Wachapakazi, waaminifu, wasiohitaji kusimamiwa: nilifika 90 nikaacha kuwahesabu. Kumi na mmoja wameandika jina la kampuni nyingine kwenye barua. Wanne barua pepe zao ni za mzaha wa kidato cha pili.

Na yuko mmoja, binti wa Mkuranga, hana shahada, ana cheti tu. Ameandika kwamba alifuga kuku 200 wa nyama na kuweka daftari la vifo: mzunguko wa kwanza walikufa 38, wa tatu 9, na akaeleza alibadilisha nini: aliacha kuwabana, akahamisha vyombo vya maji. Nilisoma ukurasa ule nikauweka kando, nikaurudia. Leo asubuhi nimempigia mwenyewe, sikumwachia HR.

Namba aliyoandika haipatikani. Nitajaribu tena jioni.